Morogoro ina vyuo vikuu vinne, bendi ya kucheza Jumamosi iko wapi?

#1 Kasoro_Bahari
Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi iliyopita nilimpokea mgeni kutoka Dodoma, mtu wa dansi kwelikweli. Ameshuka na treni pale Kihonda, hata begi hajaliweka chini, ananiambia: "Leo nipeleke kwenye bendi. Nimefika mji wa Salum Abdallah na Mbaraka." Tukaanzia Msamvu, tukaenda Masika, tukapita Nanenane, tukarudi Kihonda. Kila tulikoingia ni DJ na laptop yake, spika zinapasua masikio, na ukutani mpira. Saa sita usiku mgeni akaniuliza swali lililoniuma mpaka leo. Mji huu ulipokuwa hauna chuo kikuu hata kimoja ulikuwa na bendi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, mashabiki wanagawanyika kama Simba na Yanga. Sasa vyuo vikuu vinne, vijana maelfu kwa maelfu, na mtu anazunguka usiku kucha asisikie gitaa.

Mimi nasema vyuo ndivyo vilivyoua muziki wa Moro. Mji umejaa wapita njia wa miaka mitatu mitatu, hakuna anayekaa akawa shabiki. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 Mti_Mkavu
Natia kambi hapa. Ila wanachuo umewaonea.

#3 DadaWaChangarawe
Marekebisho kwanza: Mzumbe haiko mjini, iko wilaya ya Mvomero. Vya mjini ni vitatu, SUA (Sokoine cha Kilimo), Jordan na Chuo Kikuu cha Waislamu. Najua kwa sababu nimesoma Mzumbe na nimepanga chumba Changarawe miaka miwili.

Sasa fikiria binti wa chuo anataka kusikia bendi mjini. Bendi inapanda jukwaani saa nne usiku. Daladala za kurudi zimeshaisha. Bodaboda usiku ule, barabara ya Iringa yenye malori, nani atakubali? Mara moja tu tulikwenda wasichana watano, tukakodi gari. Tulicheza, tulifurahi, na nauli ilikula hela ya chakula cha wiki nzima.

Na hela yenyewe ni bumu, ule mkopo wa wanafunzi. Linatoka kwa awamu. Wiki ya kwanza mji mzima unajua bumu limetoka, wiki ya tatu mtu anahesabu maharage. Halafu likizo ndefu ikifika vyumba vinabaki na mijusi. Bendi yenye watu kumi itaishije kwa wateja wanaopata hela kwa msimu na kuondoka miezi mitatu? Mimi nilikuwa naitaka bendi, sema ratiba yangu na ratiba yake hazikukutana.

#4 Kijana_wa_Mafiga
Tatizo mastaa walikufa. Mbaraka Mwinshehe alianzisha Morogoro Jazz, alipokufa 1965 kwa ajali ikawa ndio mwisho wa dansi Moro.

#5 Babu_Tumba
Kijana wa Mafiga, mjukuu wangu, umechanganya watu wawili na bendi tatu.

Morogoro Jazz ilianzishwa 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Yeye aliikuta, akajiunga katikati ya miaka ya 60, akaipaisha. Ndiyo ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 pale Osaka. Mwaka 1973 akatoka akaanzisha Super Volcano. Aliyefariki 1965 kwa ajali ni Salum Abdallah wa Cuban Marimba. Mbaraka alifariki Januari 1979, naye kwa ajali, lakini ni Mombasa. Na Cuban Marimba haikufa na Salum, Juma Kilaza aliishika na ikaendelea kuvuma. Kwa hiyo hiyo hoja ya mastaa ichunguze tena.

Mwaka ule wa 1973 nilikuwa na miaka 16. Mtaani kwetu watu walinuniana kama ndugu wanaogombea shamba, huyu Moro Jazz, huyu Volcano. Jumapili mchana kulikuwa na bugi, dansi la mchana, kiingilio nafuu, ndipo sisi watoto tulipopenya. Wenzangu walikwenda mbele kuangalia waimbaji. Mimi nilisimama ubavuni, kwa mpiga tumba. Wakati wa mvua ngozi inalegea kwa unyevu, tumba inalia kama unapiga godoro. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na jiko la mkaa. Kabla ya kuanza, na tena mapumzikoni, mpigaji anaiinamisha tumba juu ya jiko, anaizungusha taratibu, kila mara anaigonga kwa kidole cha kati na kutega sikio. Ikifika anapotaka hasemi neno, anainua tu kichwa kumtazama wa besi. Nilijifunza tumba kwa kuangalia jiko lile, kabla hata sijaruhusiwa kuigusa.

Sasa kiingilio alikuwa analipa nani? Watu wa mkonge, watu wa reli, makarani wa serikali, baadaye watu wa viwanda: ngozi, viatu, turubai, magunia. Mshahara mwisho wa mwezi, familia iko hapahapa, mwaka mzima. Mimi mwenyewe niliingia kiwandani 1981. Viwanda vilipoanza kuzima taa, mwishoni mwa miaka ya 80 na kuingia 90, kumbi nazo zikazima. Wanachuo hawakuua kitu. Walikuta msiba umeshaisha.

#6 Mti_Mkavu
Shikamoo mzee. Hapo kwenye jiko la mkaa nimesoma mara mbili.

#7 Kijana_wa_Mafiga
Shikamoo babu, nimekubali kosa. Ahsante.

#8 Mwana_Msondo
Babu_Tumba shikamoo. Hoja yako ya viwanda naiheshimu lakini ina tundu. Dar nako viwanda vilikufa kipindi hichohicho. Mbona bendi za Msondo na Sikinde zipo, na mpaka leo zinapiga wikendi? Njaa ya miaka ile haikuchagua mji.

#9 Babu_Tumba
Marahaba. Msondo ilizaliwa ndani ya chama cha wafanyakazi, NUTA, mwaka 1964. Vyombo mali ya chama, mpigaji ana mshahara. Mwenye taasisi mgongoni akianguka anaangukia mto. Sisi huku mpigaji alikuwa anaangukia sakafu.

#10 Mwana_Msondo
Sawa, lakini Sikinde nayo imepita kwenye mikono mingi na bado ipo. Mimi nadhani ni wingi wa watu tu. Dar mtu mmoja kati ya mia akipenda dansi, ukumbi unajaa. Moro huyo mmoja kati ya mia hajazi hata meza za mbele.

#11 Fundi_Spika
Nimesoma yote, ngoja niweke hesabu mezani maana ndiyo kazi yangu. Nakodisha vyombo hapa Moro mwaka wa kumi na moja.

Mwenye baa akimwita DJ, DJ anakuja na bodaboda, laptop mgongoni. Elfu hamsini, chakula na soda, kwisha. Akiita bendi, kwanza ni watu wanane hadi kumi wa kulishwa. Ngoma peke yake inataka maikrofoni nne ukibana sana. Besi inataka kasha lake, ukiipitisha kwenye spika ya kawaida utaichana, mimi nimechaniwa mbili. Mikisa yenye njia kumi na sita. Gari la kubebea. Umeme ukikatika jenereta yenye nguvu, na mafuta yake. Kupanga na kujaribu sauti kunakula saa mbili, kipindi ambacho mwenye baa angekuwa anauza na muziki unalia. Mwisho wa usiku bendi inataka kiingilio, mwenye baa anasema kiingilio kitafukuza wateja. Hapo wanagombana, mimi nasubiri hela yangu mlangoni.

Miaka sita iliyopita kuna vijana walijaribu kila Ijumaa, mahali nisipopataja. Waliniomba niwapunguzie, nikawapunguzia kwa mapenzi yangu ya muziki. Wiki ya nne mwenye eneo aliwaambia watu wanakunywa kidogo bendi ikiwepo, kwa sababu wanaangalia jukwaa badala ya kuagiza. Neno hilo liliniuma. Watu wanasikiliza, na kusikiliza ndiko kumekuwa kosa!

#12 Alto_wa_Mazimbu
Habari zenu. Nimalizie kusoma kwa huzuni? Hapana. Mnatafuta muziki wa laivu mahali usipokaa.

Niko SUA, kampasi ya Solomon Mahlangu, mwaka wa pili. Njooni Jumapili asubuhi kwenye ibada za wanafunzi, TMCS ya Wakatoliki au USCF ya Waprotestanti, au makanisa ya Kihonda na Mafiga. Gitaa la solo lipo, besi lipo, vinanda viwili, ngoma kamili, waimbaji thelathini wanaokaa kwenye sauti zao. Kwaya yetu inafanya mazoezi siku tatu kwa wiki. Mpiga besi wetu anasoma ualimu wa hesabu, alianza kushika gitaa kidato cha pili kanisani kwao Ifakara, na sasa ana wanafunzi wanne anaowafundisha bure. Hapo ndipo vyombo vilipo, ndipo walimu walipo, na ndipo watu wasiolewa pombe walipo. Bendi ya Moro ipo, Kasoro_Bahari, ila inapiga saa tatu asubuhi na wewe umelala.

#13 Kasoro_Bahari
Nimepigwa kweli. Lakini dada, huyo mpiga besi akitaka kupiga dansi Jumamosi usiku, kwaya itamwacha?

#14 Alto_wa_Mazimbu
Mmoja alijaribu, alikuwa wa kinanda. Akaitwa na viongozi, akaongea nao, akachagua kubaki. Hakulazimishwa, ila alijua akienda vile vinanda hatavigusa tena, na chake hana. Nakiri hilo ni gumu.

#15 Mkwaju_Tarumbeta
Na sisi wa matarumbeta mmetusahau? Kila Jumamosi saa tisa tuko barabarani, nyuma ya pikapu, tunamsindikiza bibi harusi kutoka Bigwa mpaka Kichangani. Tarumbeta mbili, trombone, ngoma kubwa, ngoma ndogo. Hatuna flashi wala pleibeki. Tukikatiza Mafiga watoto wanatukimbilia mpaka daraja linalofuata. Harusi ndiyo imetulisha. Mwenye harusi akishaona DJ hana jipya, anatuita sisi.

#16 Mtaa_kwa_Mtaa
Wazee wangu kwa heshima zote, muziki kwenu ni gitaa tu? Moro imetoa Afande Sele, Mfalme wa Rhymes 2004. Imetoa Stamina. Imetoa Belle 9. Imetoa Professor Jay. Mji wenye hao unaitwaje umekufa? Studio za chumbani ziko Kihonda, Chamwino, Mwembesongo, kijana ana kompyuta, maiki moja na magodoro ukutani, anatoa ngoma inayosikilizwa YouTube mpaka Burundi.

#17 DadaWaChangarawe
Professor Jay toa. Alikuwa mbunge wa Mikumi 2015 mpaka 2020, ubunge ni wa mkoa huu, ila muziki wake ulijengwa Dar akiwa na kundi la Hard Blasters. Hao wengine nakubali.

#18 Mtaa_kwa_Mtaa
Sawa mwalimu, nimemtoa. Hoja inabaki palepale.

#19 Mwana_Msondo
Hoja yako inajikaba yenyewe, kijana. Kati ya hao, nani alibaki akapiga Moro kila wiki? Akishatoka kidogo tu, begi, stendi ya Msamvu, Dar. Mastudio makubwa Dar, redio kubwa Dar, mameneja Dar. Moro ni kitalu. Mche ukifika magotini unahamishwa.

#20 Mtaa_kwa_Mtaa
Afande Sele yupo Moro, hakuhama. Hata ubunge wa Morogoro Mjini aligombea 2015.

#21 Mwana_Msondo
Kweli, huyo nakupa. Namheshimu kwa hilo.

#22 Mnazi_Mmoja_Kihonda
Na treni hii ya mwendokasi ndiyo itamalizia. Tangu ilipoanza 2024, Dar ni chini ya saa mbili. Wanachuo wenye hela wanapanda Ijumaa jioni, wanakwenda shoo Dar, Jumapili wamerudi darasani. Zamani safari ya basi na foleni ya Mbezi ilikuwa inawabakisha hapa.

#23 Fundi_Spika
Mimi naiona kinyume. Reli inakwenda pande zote mbili. Bendi ya Dar inaweza kupanda mchana na vyombo nikawapa mimi, wakapiga, wakarudi asubuhi. Hoteli ya watu kumi wakaikwepa. Na hata Mbaraka alikwenda Nairobi kurekodi, Salum Abdallah santuri zake zilitoka Kenya, na bado Jumamosi walikuwa Moro. Kusafiri hakujawahi kuua bendi.

#24 Mnazi_Mmoja_Kihonda
Walirudi kwa sababu ukumbi uliwasubiri. Leo warudie nini?

#25 Mratibu_Msanii
Niongeze la vibali maana hakuna aliyeligusa. Mwaka juzi mimi na wenzangu tulitaka kufanya tamasha dogo, bendi moja na wachoraji, eneo la wazi. Nilizunguka ofisi moja hadi nyingine siku tisa. Hapa wanataka barua ya kule, kule wanataka risiti ya hapa. Siku ya tukio, saa tano na nusu usiku, tukaambiwa tuzime kwa sababu ya kelele. Umbali wa hatua mia baa ilikuwa inapiga spika nane na haikuguswa. Mpiga solo alikuwa katikati ya solo lake. Aliweka gitaa chini polepole, akaikunja waya yake vizuri, akaondoka bila kumlaumu mtu. Sijawahi kumwita tena, kwa aibu.

Kwa hiyo kwangu tatizo si wanachuo, si treni, si viwanda. Muziki wa watu unahesabiwa kuwa fujo, muziki wa flashi unahesabiwa kuwa biashara.

#26 Mama_Shughuli_Bigwa
Mratibu pole sana kaka. Ila na sisi tunaokaa jirani na kumbi tusikilizwe. Nina mtoto anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Bendi, baa, vigodoro, mimi kwangu vyote ni kelele saa saba usiku. Enzi za mzee Babu_Tumba bugi lilikuwa mchana. Kwa nini lisirudi mchana?

#27 Babu_Tumba
Mama Shughuli umesema neno la maana kuliko sisi wote. Jumapili saa tisa mpaka saa moja jioni. Daladala za Mzumbe zipo, mama anapika kwa amani, mtoto anasoma usiku.

#28 DadaWaChangarawe
Mchana ningekuja kila wiki. Kweli kabisa.

#29 Alto_wa_Mazimbu
Jumapili mchana sisi tuna mazoezi. Jumamosi je?

#30 Mkwaju_Tarumbeta
Jumamosi saa tisa ni harusi.

#31 Mti_Mkavu
Wakuu mjue hapo Mazimbu anapokaa Alto ndipo ilipokuwa shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, Wasauzi waliishi pale tangu miaka ya 70 mpaka wakakabidhi 1992. Mama yangu alikuwa anauza maandazi getini. Anasema ukipita jioni unawasikia wanaimba nyimbo za ukombozi kwa sauti nne bila chombo chochote, miguu tu inapiga chini, na yeye alikuwa anachelewa kurudi nyumbani kwa sababu hiyo. Sijui inaingia wapi kwenye mada, nimelikumbuka tu.

#32 Babu_Tumba
Inaingia. Nimewasikia kwa masikio yangu. Msalimie mama.

#33 Kasoro_Bahari
Nimeanzisha uzi nikiwa na jibu moja, sasa ninayo saba na yote yanagombana. Bado nashikilia kwamba mji wa wapita njia ni mgumu kwa bendi. Lakini Babu, mbona hakuna kijana aliyejifunza kwenu wakati mlipokuwa mnapiga? Na nyie hamkutuachia kitu?

#34 Babu_Tumba
Swali zito, mwanangu, na unayo haki ya kuliuliza. Kiwanda kilipofungwa nilirudi kulima, Matombo. Tumba nilimuuzia mtu wa Kilosa nipate karo. Sikuwa na mtoto wa kumfundisha bila tumba. Ningekuwa nimeliacha lile tumba ndani ya nyumba, pengine leo mngekuwa na mtu.

#35 Kijana_wa_Mafiga
Babu, mimi nina tumba moja nimenunua kwa fundi ngozi, sijui kama ni ya kweli. Inalia vibaya mvua ikinyesha.

#36 Babu_Tumba
Ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi?

#37 Kijana_wa_Mafiga
Ng'ombe. Nene.

#38 Babu_Tumba
Hiyo itavumilia moto. Usiiweke karibu sana, kiganja kimoja kutoka kwenye mkaa, na usiiache ikasimama mahali pamoja. Wiki ijayo nashuka mjini kliniki, Alhamisi. Niandikie unakokaa kwenye ujumbe binafsi.

#39 Fundi_Spika
Akifika mnijulishe. Nina kasha la besi limekaa bure stoo, na nina mikisa. Anayepiga besi tu ndiye sina.

#40 Mtaa_kwa_Mtaa
Nyuzi za besi zinauzwa wapi hapa mjini? Nimeuliza maduka matatu, wote wana za gitaa la kawaida tu.

#41 Alto_wa_Mazimbu
Sisi tunaagiza Kariakoo. Kuna mtu anapanda treni kesho kutwa, sema unataka nne au tano.